Mtani Wangu Alinipa Mkono wa Kushoto, Nikacheka

Niliingia kwenye kaburi la mtu nikiwa mzima wa afya, nikajilaza chali, watu wakacheka.

Nikagoma kutoka. Wakacheka zaidi.

Akina mama wakaanza kunirushia sarafu, wengine maganda ya korosho, maana ndivyo mtani anavyotolewa kaburini kwetu huku Mtwara. Analala, anagoma, anabembelezwa, anatoka, ndipo marehemu anaingia.

Ulipita muda kidogo mpaka mzee mmoja aliyesimama ukingoni akaona mabega yangu yanavyotikisika.

"Jamani," akasema taratibu, "huyu halii kwa utani."

Sasa ngoja niwasimulie nilivyofika mle ndani. Mwenye chai aiache ipoe tu, hii si ya kusoma huku unakunywa.

Naitwa Hemedi. Ni fundi bunduki, kibanda changu kiko Magomeni, Mtwara mjini.

Najua mshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Tulieni wakuu, leseni ninayo, imetundikwa ukutani. Niliwahi kulala mahabusu siku kumi na moja kwa gobole la mtu ambalo hata kitako chake sijawahi kukiona, na tangu hapo bunduki isiyo na karatasi siigusi hata kwa kijiti.

Nilianzia kwenye mabomba ya kupulizia mikorosho, kule Naliendele. Bomba la dawa na bunduki ni ndugu wa damu. Kote kuna springi, kote kuna uchafu, na kote kuna mwenye mali anayeapa kwamba hakufanya chochote, kimeharibika chenyewe.

Maisha yamenichapa vya kutosha, kwa hiyo nimejifunza kucheka mapema kabla sijachekwa. Mke aliondoka, nikacheka. Kibanda cha kwanza kikaungua, nikacheka. Kwangu mteja haondoki bila kutaniwa, na wengine nahisi wanaharibu bunduki makusudi ili waje.

Lakini mtani wangu halisi, wa damu, alikuwa mmoja.

Mzee Silvio.

Familia yake ilivuka kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Wakatua bondeni, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, wakalima mpunga wakabaki. Wamakonde wa huku na wa kule ni walewale, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo. Na ukifa, anakuja msibani kuharibu majonzi. Anavaa nguo zako, anatembea kama ulivyokuwa unatembea, anasema mabaya yako yote, mpaka wafiwa wacheke. Hiyo ni kazi kabisa, na asipokuja mtani, msiba unaonekana haukukamilika.

Mzee Silvio alikuwa ananiita mtumwa wangu. Mimi namwita mtumwa wangu. Miaka kumi na tisa tulikuwa hivyo, na sikumbuki hata siku moja tulisalimiana kistaarabu.

Yeye ndiye aliyekuwa na bunduki halali pekee kijijini kwao. Shotgani ya zamani, ya leva.

Leva ni kile kipete cha chuma kilichoko chini, unapopitisha vidole. Ukishapiga, unakisukuma mbele mpaka mwisho, ganda lililotumika linaruka nje. Unakirudisha, kijiko cha ndani kinainua risasi mpya na kuiingiza chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu. Mbele, nyuma, umeshakuwa tayari. Usipokifikisha mwisho, ganda linabana mlangoni na risasi mpya haipandi. Unabaki umeshika gongo la bei mbaya.

Mpunga ukianza kuiva, nguruwe pori wanateremka bondeni. Nyumba arobaini na ushee, wengi wajane, wote wanamtazama Mzee Silvio. Asubuhi anazunguka mashamba na shotgani yake begani, wanawe wanapiga madebe, nguruwe wanarudi msituni. Ndiyo ilikuwa heshima yake mjini na shamba. Ukimnyang'anya hiyo, umemvua nguo.

Mwezi wa tatu mwaka jana akaja kibandani. Bunduki iko kwenye ala yake, karatasi zote mfukoni.

Akanipa mkono wa kushoto.

Mnajua mkono wa kushoto kwetu una maana gani. Ni tusi zito. Mtu mwingine ningemuuliza kama amelewa. Lakini huyu mtani, na nikaona leo kaja na mpya.

Nikavua kandambili, nikampa mguu.

Akaushika mguu wangu akautikisa. Tukacheka mpaka Zawadi, mama muuza vitumbua wa jirani, akatuuliza kama tuna akili timamu.

Tatizo lake, alisema, ganda halitoki. Anasukuma, linabana.

Nikaifungua. Nikakuta chemba ina kutu ya hewa ya bahari, na kile kijino kinacholivuta ganda, sisi tunakiita kucha, kimejaa masizi. Nikasugua, nikasafisha, nikapaka mafuta. Nikaijaribu kwa risasi za bandia tano. Zikapanda tano, zikaruka tano.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja. Bunduki ikipona, usijaribu wewe peke yako. Mpe mwenyewe, kaa kimya, mtazame anavyoitumia. Alikuwa anasema nusu ya bunduki mbovu ugonjwa wake uko kwenye mkono wa mwenye nayo. Kuna watu wanasukuma leva kwa aibu kama wanampa mama mkwe chumvi.

Nilimpa Mzee Silvio ajaribu. Akairudisha kwenye ala palepale.

"Fundi ni wewe au mimi?" akaniuliza. "Mtumwa mvivu huyu, anataka bwana wake afanye kazi."

Nikacheka. Nikamwacha aende.

Mwezi wa nne akarudi. Mkono wa kushoto tena. Nikampa kiwiko.

Safari hii risasi haipandi. Nikamwambia bunduki yako ina mimba, haitaki chakula. Nikafungua bomba la risasi lililo chini ya mtutu, nikakuta springi imechoka. Nikabadilisha. Nikakagua risasi zake, mbili zimevimba kwa unyevu, nikazitupa na kumwambia asizitunze juu ya jiko la mkewe. Kisha nikagundua leva inacheza. Pini imelika kwa uzee, inalegea, ukiigusa tu inateremka yenyewe.

Mimi ni fundi. Kitu kinachocheza sikiachi.

Nikatia pini mpya. Nikaikaza. Ikawa inafunga tiki kama mlango wa gari la Mzungu.

Wakati nafanya hayo, amekaa kwenye benchi, vifungo vya shati vimekaa ovyo, cha juu kimeingia tundu la chini.

"Nifunge vifungo, mtumwa," akasema. "Bwana wako amechoka."

Nikaenda nikamfunga. Lakini mtani ni mtani. Nikavifunga upande makusudi, nikaruka matundu mawili, kola ikapanda hadi sikioni. Akatoka hivyo hivyo, akapita sokoni, akapanda gari la bondeni hivyo hivyo. Zawadi alicheka mpaka akaunguza vitumbua.

Nilijisifia wiki nzima kwa vile vifungo.

Mara ya tatu ilikuwa katikati ya mwezi wa tano, mpunga unaanza kuinama.

Hakuja na mbwembwe. Alikaa kwenye benchi akaweka bunduki mapajani.

"Hemedi," akasema. Hakusema mtumwa. "Imekuwa ngumu, pá. Ilegeze."

Hiyo pá ni ya kwao ng'ambo, wanamalizia nayo maneno wakiwa na jambo.

Nikaichukua, nikapiga leva mara sita. Risasi zinapanda, zinaruka, safi kabisa. Nikamwambia bunduki yako nzima kuliko wewe. Ugumu uko kwako, nenda kwa mkeo Anabela akakukande.

Akatazama chini. Akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani.

"Mkono wangu umekufa," akasema.

Wakuu, mimi nilisikia. Naapa nilisikia kila neno. Lakini nilisikia kwa sikio la utani, sikio lile lililozoea miaka kumi na tisa kusubiri kichekesho.

Nikamjibu hivi, na haya ndiyo maneno nitakayokufa nayo.

"Umekufa? Basi uzike. Tangaza siku, mtani wako nitakuja kulala kaburini."

Akanitazama kidogo. Kisha akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, hadi machozi, na mimi nikaona nimepiga palepale.

Akaondoka na bunduki yake. Nzima. Imekaza.

Siku kumi na tatu baadaye, saa nne asubuhi, simu ikaita. Telma, binti yake mkubwa.

Hakulia kwenye simu. Alisema tu kama mtu anayesoma.

Nguruwe walikuwa wameingia shamba la mjane mmoja. Telma alikuwa na debe, baba yake na bunduki. Mzee akapiga, akalijeruhi dume moja kubwa. Dume likageuka. Likawa linakuja kwa Telma, yeye ndiye aliyekuwa karibu. Mzee akaingia katikati.

Akasukuma leva. Ganda likabana.

Akahamisha kwenda mkono wa kushoto. Hakuwahi.

Jino la dume lile lilimchana paja. Walimbeba kwenye mkeka, wakamweka kwenye pikipiki. Alikata roho kabla ya kufika zahanati.

Nilikaa chini pale kibandani. Zawadi akaja na kikombe cha maji akakishika mwenyewe mpaka nikanywa.

Kesho yake polisi wakaniita.

Niseme ukweli, kwa sababu nimeamua kusimulia yote. Njiani nilikuwa namlilia Mzee Silvio, lakini nilikuwa najiogopea mimi vilevile. Kumbukumbu ya matengenezo ina jina langu, mara tatu, bunduki ileile. Ganda kubana. Risasi kutopanda. Nilijiona mahabusu tena, na safari hii hakuna wa kunitoa.

Ofisa wa silaha alikuwa Afande Joyce, mwanamke mtaratibu, miwani imeshuka puani. Bunduki iko mezani, ganda bado limebana mlangoni kama walivyoikuta.

Akalitoa. Akaniuliza nilifanya nini mara zote tatu, nikaeleza. Akaichukua mwenyewe, akatia risasi za bandia tano, akapiga leva. Zikapanda tano, zikaruka tano. Akarudia. Akarudia tena, kwa haraka.

"Haina tatizo," akasema.

Nilishusha pumzi. Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Mtani wangu yuko kwenye jokofu la maiti na mimi nimekaa pale natabasamu kwa sababu springi yangu imefanya kazi.

Afande hakutabasamu. Akapiga leva tena, lakini akaisimamisha robo tatu ya safari. Ganda likabana mlangoni, palepale, kwa mkao uleule tulioukuta.

"Hakuifikisha mwisho," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Huyu mzee ameishika hii bunduki tangu kabla sijajua kunyoa ndevu.

"Basi mkono wake ulikuwa na nini?"

Akaendelea kuichezesha leva, mbele, nyuma, kama mtu anayepima.

"Imekazwa vizuri sana hii. Nani aliikaza?"

"Mimi."

"Kazi safi," akasema, akaandika.

Pale ndipo kila kitu kilipokuja kwa pamoja. Mkono wa kushoto. Vifungo. Bunduki iliyorudishwa kwenye ala bila kujaribiwa. Imekuwa ngumu, pá, ilegeze. Ile leva iliyokuwa inacheza, inayoteremka yenyewe ukiigusa tu. Ndiyo aliyokuwa anaiweza. Nikampokonya nikijiona fundi.

Nikatia saini karatasi ya kuniacha huru.

Msiba ulikuwa bondeni. Nilifika asubuhi ya mazishi, na nikaona nyuso za watu zinafunguka. Mtani kafika. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshatengwa kwenye kiti kwa ajili yangu. Lile shati.

Telma akanivuta nyuma ya jiko. Siku zote ananiita mtumwa, kama baba yake. Siku ile aliniita baba mdogo.

Akaniambia Mzee alipatwa na kiharusi kidogo mwezi wa pili. Aliamka, mkono wa kulia haukamati vizuri. Akawakataza wasimwambie mtu, kwa sababu kijiji kikijua, bunduki itachukuliwa, na mpunga wa wajane utaliwa na nguruwe. Akasema ni mtu mmoja tu lazima ajue, naye ni fundi, ili aifanye bunduki iwe nyepesi.

"Hakuniambia," nikasema.

"Alikuambia, baba mdogo. Alikuwa anaona aibu kukuambia akiwa amekunja uso, kwa hiyo alikuambia kwa njia yenu. Kila akirudi alitwambia, leo nimempa Hemedi mkono wa kushoto, ameelewa. Leo amenifunga vifungo."

Niliegemea ukuta.

"Mara ya mwisho alirudi anacheka. Akasema, nimemtamkia kabisa kwamba mkono umekufa, na ameahidi atakuja kuuzika. Akaijaribu bunduki hapo uani. Ilikuwa bado ngumu. Mama akamwambia irudishe."

Telma akafuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu.

"Akasema hapana. Akasema, Hemedi amesikia. Kama bado ni ngumu, basi haiwezi kulegea zaidi ya hapo."

Aliniamini, wakuu. Mimi nilisikia kichekesho. Yeye alienda porini akiamini nimesikia.

Nilivaa lile shati. Nikalifunga vifungo upande, kola sikioni, kama nilivyomfunga. Watu wakacheka hoi, wakasema huyo huyo, ndivyo alivyorudi siku ile. Nikatembea mbele ya jeneza nikiuning'iniza mkono wa kulia kama uliokufa. Wakacheka tena, maana hawakujua. Anabela, mjane wake, hakucheka.

Tukafika makaburini. Nikaruka ndani, nikalala.

Nilikuwa nimeahidi.

Mengine mnayajua. Sarafu, maganda ya korosho, kicheko, kisha kimya. Nilitaka kutoka, lakini mwili ulikataa. Udongo wa bondeni ni baridi hata jua likiwa utosini. Nilikuwa nalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na hakuna aliyejua afanye nini, kwa sababu hakuna utaratibu wa mtani anayelia. Nani atambembeleza wakati yeye ndiye wa kubembeleza?

Padri akakohoa. Wabeba jeneza wakabadilisha mabega.

Ndipo Anabela akasogea mpaka ukingoni. Akachuchumaa. Macho yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa imenyooka, sauti ileile ya mumewe akinitania.

"Toka humo, mtumwa," akasema. "Mwenye nyumba amefika."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Yeye mfiwa ndiye aliyefanya kazi yangu. Akaninyooshea mkono, Telma akanishika kwapa, nikatoka nimejaa udongo mgongo mzima.

Jeneza liliposhushwa usawa wangu, nikainama. Nikamuaga kwa mkono wa kushoto.

Leo ukija kibandani kwangu Magomeni, bado nitakutania. Sijui kuishi vingine. Lakini bunduki yako haitoki mpaka uishike wewe, uisukume wewe, risasi tano zipande na tano ziruke mbele ya macho yangu, na nitakuwa nautazama mkono wako, siitazami bunduki. Wengine wananuna. Wanune tu.

Na wewe unayesoma, kama una rafiki ambaye mmezoea kucheka tu, siku akikuambia kitu kisha akatazama chini, zuia ulimi wako kidogo. Muulize mara moja, bila kucheka, kama anamaanisha.

Mimi ningeuliza mara moja tu, ile pini ningeilegeza kwa dakika tano.